Thanjavur au Konark? Ulinganisho kwa mwenye nafasi ya hekalu moja tu

Watu wengi wa kwetu huenda India kwa shughuli maalumu: kumpeleka mgonjwa Chennai, kusoma, kununua bidhaa. Matembezi huja mwishoni, zikibaki siku mbili tatu kabla ya ndege ya kurudi, na hapo jina linalotajwa ni moja tu, Taj Mahal. Si vibaya. Lakini Taj Mahal ni kaburi la karne ya 17 lililoko kaskazini, na aliye Chennai atazimaliza siku zake njiani. Upande wa mashariki wa nchi, unaotazama Ghuba ya Bengal, yapo mahekalu mawili ya Kihindu ya zama za kati ambayo kila moja linastahili safari yake: Brihadisvara la Thanjavur katika jimbo la Tamil Nadu, na Hekalu la Jua la Konark katika jimbo la Odisha. Yametengana kwa zaidi ya kilomita elfu moja, kwa hiyo mwenye siku chache hana budi kuchagua.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia hekalu kubwa la kale la Kihindu, nachagua Thanjavur. Si kwamba ndilo zuri zaidi. Kwa michongo Konark linalishinda, tena kwa mbali. Ila Thanjavur bado ni hekalu, na Konark ni gofu. Gofu humfaidi zaidi aliyekwisha kuona nyumba nzima na watu wake ndani.

Wafalme wenyewe

Thanjavur lilijengwa na Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa dola ya Chola, likakamilika mwaka 1010. Konark lilijengwa na Narasimhadeva wa Kwanza wa ukoo wa Ganga wa Mashariki, aliyetawala kuanzia 1238 hadi 1264, na hekalu lake huwekwa karibu na mwaka 1250. Ili kuupata wakati huo vizuri, kumbuka kwamba maandishi ya kale ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 1107. Yalipochongwa, Thanjavur lilikuwa na umri wa karibu miaka mia moja, na aliyekuja kujenga Konark alikuwa bado hajazaliwa.

Wote wawili walijenga wakiwa wametoka vitani na ushindi. Rajaraja alikuwa ameishinda Kerala, amewashinda Wapandya wa Madurai na kuteka kaskazini ya Sri Lanka. Narasimhadeva naye alikuwa amevipiga vikosi vya watawala Waislamu wa Bengal. Kwa hiyo yote mawili ni nyumba za ibada, na papo hapo ni matangazo ya nguvu. Rajaraja hata hakujificha: hekalu alilipa jina lake mwenyewe, Rajarajesvaram, na lango moja likaitwa Keralantakan, kwa kumbukumbu ya kuangushwa kwa Kerala. Jina la Brihadisvara lilikuja baadaye sana.

Tofauti ni miungu yao. Thanjavur ni la Shiva. Konark ni la Surya, yaani Jua, na hilo ndilo lililoamua umbo lake lote.

Lililosimama na lililoanguka

Ukiingia Thanjavur unapita malango, moja baada ya jingine, kisha ua unafunguka mbele yako: mita 240 hivi kwa urefu na 120 kwa upana, umesakafiwa kwa mawe. Mbele kuna Nandi, ng'ombe dume wa Shiva, jiwe moja lenye uzito wa tani 25 hivi. (Huyo si wa Rajaraja. Aliwekwa na watawala wa Nayaka karne kadhaa baadaye, ingawa kwenye picha wanaonekana kama waliozaliwa pamoja.) Nyuma yake kuna kumbi zenye nguzo, na mwisho wa yote mnara unaopanda zaidi ya mita 60, ngazi 13 zinazopungua upana kadiri zinavyokwenda juu.

Mnara huu ni granaiti tupu, na granaiti haipatikani katika mashamba ya mpunga ya delta ya mto Kaveri. Ililetwa kutoka makumi ya kilomita. Fikiria kazi ya kulikata jiwe hilo tu. Granaiti si kama matumbawe yetu ya pwani, ambayo yakitoka baharini hukatika kirahisi. Granaiti unaigonga siku nzima, nayo inakutazama tu. Wajenzi wa Chola walikuwa wamezoea mahekalu madogo ya wastani, kisha katika uhai wa mfalme mmoja wakaruka hadi urefu ambao hakuna aliyekuwa ameujaribu katika nchi ile.

Jinsi ulivyosimama ndiyo habari yenyewe. Hakuna tao la kweli humo ndani. Patakatifu pamezungushiwa kuta mbili nene zenye ujia katikati, na juu yake mawe yamepangwa kila safu ikitokeza ndani kidogo kuliko ile ya chini, mpaka pande zote zikakutana juu. Kwa ndani mnara ni mtupu. Uzito wote unashuka chini moja kwa moja, hakuna kinachosukuma kuta kwenda nje, na umbo la piramidi linamalizia kazi. Ndiyo maana miaka elfu moja imepita na bado haujalala upande.

Waongoza wageni wana hadithi mbili wasizoacha kusimulia. Ya kwanza ni kwamba kofia ya juu ni jiwe moja la tani 80, lililovutwa na tembo juu ya mteremko wa udongo wa kilomita sita. Mteremko wa aina fulani ulihitajika, hilo halina ubishi, lakini waliopima wameonyesha kwamba kofia ile ni mawe kadhaa yaliyounganishwa. Ya pili ni kwamba kivuli cha mnara hakianguki chini. Hekalu hufungwa mchana na kufunguliwa tena saa kumi alasiri. Nenda saa hiyo ukakione kilivyojinyoosha uani.

Kwa mwanafunzi wa ujenzi kuna jambo jingine la kutazama. Mahekalu ya kusini yaliyofuata yaligeuza mpangilio: malango yakawa marefu sana na patakatifu pakabaki padogo katikati, kama unavyoona Madurai au Srirangam. Thanjavur ni kinyume chake. Malango ni mafupi, na urefu wote umewekwa juu ya kichwa cha mungu mwenyewe. Ukishaliona hili, mahekalu mengine yote ya Tamil Nadu utayasoma kwa jicho jingine.

Konark nalo lilikuwa na mnara. Wataalamu wanaukadiria kuwa karibu mita 70, yaani uliuzidi wa Thanjavur. Lakini haupo. Mtindo wa Odisha hauna piramidi yenye ngazi juu ya patakatifu. Una mnara uliopinda, unaopanda wima kisha ukajikunja karibu na kilele, na mbele yake ukumbi wenye paa la madaraja. Mtindo huo unadai uzito mkubwa juu ya msingi ulio imara, na Konark lilisimama juu ya mchanga, karibu na bahari. Tena sehemu kubwa ya jiwe lake ni khondalaiti, jiwe laini linaloliwa na upepo wa chumvi. Vyuma vilivyobana mawe vilipata kutu, vikavimba, vikapasua mawe yenyewe. Wapo wanaotaja mashambulizi ya karne ya 16, wapo wanaotaja radi au tetemeko. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1837 kipande kirefu cha mnara kilikuwa bado kimesimama na kikachorwa, na mwaka 1848 upepo mkali ukakiangusha.

Uliobaki ni ukumbi wa mbele, wenye urefu wa zaidi ya mita 30. Nao ulikuwa njiani kuanguka, hata Waingereza wakaujaza mchanga ndani na kuziba milango yote mwaka 1903. Miaka ya karibuni idara ya mambo ya kale ya India ilitangaza mpango wa kuutoa mchanga huo, kazi inayohitaji uangalifu wa daktari wa upasuaji. Hili lizingatie kabla hujakata tiketi: Konark halina ndani. Utalizunguka, utapanda jukwaa, utatazama, lakini hutaingia. Patakatifu ni shimo wazi lenye kuta zilizokatika.

Wengine hilo huwavunja moyo. Mimi naona lina faida yake kwa mwenye kupenda kujua vitu vinavyofanya kazi. Jengo lililovunjika huonyesha mifupa yake. Uani Konark kuna mihimili ya chuma iliyokuwa ikibeba mawe ya juu, mmoja wao una urefu wa takriban mita 10, na ukiitazama karibu unaona imefuliwa kwa vipande vidogo vya chuma vilivyopigwa vikashikana. Karne ya 13 hiyo, bila tanuri kubwa. Thanjavur hutaona kitu cha namna hiyo kwa sababu kila kitu kiko mahali pake.

Michongo, na hapa Konark halina mpinzani

Waliolibuni Konark waliamua hekalu zima liwe gari la Jua. Magurudumu 24 yamechongwa ubavuni mwa jukwaa, 12 kila upande, kila moja likiwa na kipenyo cha karibu mita tatu, na mbele farasi saba wanalivuta kuelekea mashariki. Farasi wenyewe wameharibika sana, wachache tu ndio bado wana umbo. Magurudumu ndiyo yaliyosalimika. Kila gurudumu lina mikono minane minene na minane myembamba, na kwenye ile minene kuna viduara vyenye picha ndogo za watu, wanyama na miungu. Waongoza wageni huweka kidole kwenye ekseli na kukusomea saa kwa kivuli chake. Ni mchezo wa kupendeza, waache waucheze. Kama umeshika noti ya rupia 10 iliyotoka mwaka 2018, geuza nyuma uone: hekalu hili ndilo liko hapo.

Kisha kuna yote yaliyo kati ya magurudumu. Chini kabisa, mstari mwembamba wa tembo unakwenda kuzunguka jengo: tembo wanatembea, wanawindwa, wanaingizwa kwenye boma, mtoto yuko chini ya tumbo la mama yake. Juu yao wacheza ngoma, wafalme, walimu na wanafunzi, msafiri aliyekaa akipika. Juu zaidi, kwenye madaraja ya paa, wamesimama wanawake wapiga muziki wakubwa kuliko mtu, wenye ngoma, zumari na matoazi. Hao ndio ningewachagua kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu pale. Wamechongwa ili waonekane kutoka chini, na bado mchongaji hakuibia kazi mgongoni ambako hakuna jicho linalofika.

Kwenye kuta za patakatifu palipoanguka kuna Surya watatu wa jiwe la kloraiti, lenye rangi ya kijani iliyoiva, mmoja kila upande isipokuwa mashariki. Kloraiti haikuoza kama khondalaiti. Linganisha uso wa Surya na uso wa mcheza ngoma wa jirani yake aliyekwisha kulainika kama sukari guru iliyonyeshewa, utajua mara moja kwa nini kuchagua jiwe ni nusu ya ufundi.

Na kuna michongo ya mapenzi, mingi, isiyoficha kitu. Haiko pembeni, iko kila mahali, kimo cha macho. Ukienda na mama mkwe au na watoto wa shule, jiandae.

Halafu twiga. Miongoni mwa michongo ya jukwaa, upande wa kusini, kuna tukio la mfalme aliye juu ya tembo akipokea wageni, na kati yao yumo mnyama mwenye shingo ndefu ambaye wengi wanamtambua kuwa ni twiga. India haina twiga. Kama ndiye, basi alivuka bahari kutoka upande wetu, kwa jahazi na pepo za msimu, karne mbili kabla ya Wareno. Si jambo la ajabu kama linavyosikika: mwaka 1414 mtawala wa Bengal, jirani kabisa wa Odisha, alimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga, na wanahistoria wengi wanaona kwamba mnyama huyo alitoka pwani ya Afrika Mashariki, pengine Malindi. Mtu wa kwetu anayesimama Konark ana haki ya kumtafuta. Muulize mwongozaji kabla hajaanza maneno yake ya kila siku, kwa sababu wageni wengi hawaombi kuonyeshwa twiga huyo.

Thanjavur, ukitoka huko, litaonekana limenyamaza. Sanamu zake ni chache, kubwa, zimetulia kila moja kwenye kijumba chake ukutani. Safu ya juu inamrudia Shiva mmoja tena na tena, yule mpiga upinde aliyeteketeza miji mitatu ya maadui. Ukikumbuka vita vya Rajaraja, marudio hayo hayawi ya bahati. Vitu viwili vizuri kuliko vyote vya humo, kwa bahati mbaya, mgeni wa kawaida haoneshwi. Cha kwanza ni michoro ya rangi ya enzi ya Chola katika ujia unaozunguka patakatifu, iliyogunduliwa mwaka 1931 chini ya michoro ya Nayaka iliyopakwa juu yake. Cha pili kiko kwenye ujia wa ghorofa ya juu: mikao 81 ya ngoma iliyochongwa kati ya 108 inayojulikana, na mawe 27 yaliyoachwa matupu kana kwamba fundi aliitwa chakula akasahau kurudi. Njia hizo hufungwa. Utaridhika na picha zake katika chumba cha maonyesho kilichomo uani. Mwenye kutaka mikao ya ngoma hasa afike hekalu la Chidambaram, ambako imechongwa kwenye malango, hadharani.

Ukuta unaosomeka

Lakini Thanjavur lina kitu ambacho Konark halina, na kwangu hiki ndicho kinachoamua. Kuta zake zimeandikwa. Kuzunguka msingi wote kuna mistari na mistari ya Kitamil iliyochongwa kwenye granaiti, kwa amri ya mfalme, ikieleza hekalu linaendeshwaje.

Ni hesabu za ofisi, zimewekwa mahali ambapo hakuna karani angeweza kuzifuta. Wametajwa wacheza ngoma 400 walioletwa kutoka mahekalu mengine, mmoja mmoja kwa jina, mtaa aliopewa, nyumba ya ngapi, upande upi wa barabara, na mgawo wake wa mpunga kwa mwaka. Wametajwa waimbaji wa nyimbo za Shiva na wapiga ngoma wao. Wametajwa wahasibu, walinzi, washonaji. Kila chombo cha dhahabu kimeandikwa na uzito wake, pamoja na vito, na zawadi za Kundavai, dada wa mfalme, zimepata nafasi kubwa.

Utaratibu wa taa ulinifurahisha kuliko yote. Mtu akitaka taa ya samli iwake hekaluni daima, alitoa kondoo 96. Kondoo hawakuchinjwa. Walikabidhiwa mfugaji, naye akawa na deni la kuleta kipimo cha samli kila siku, yeye na warithi wake. Fedha nazo zilikopeshwa: mabaraza ya vijiji yalichukua mkopo kwa hekalu na kulipa riba ya asilimia 12.5 kwa mwaka, nayo riba ikanunua iliki, maua, kafuri. Hapo ndipo unaelewa kwamba mnara ule haukuwa peke yake. Ulikuwa umesimama katikati ya mashamba, mifugo, mikopo na ajira za mamia ya watu. Jengo la ukubwa huo bila mfumo huo lingebaki kichuguu cha mawe.

Kuhusu Konark habari za namna hii ni chache, na ngano zimejaza nafasi. Mashuhuri zaidi ni ya mafundi 1,200 waliohangaika miaka 12 wakashindwa kuweka jiwe la kilele, mpaka mtoto wa miaka 12, Dharmapada, mwana wa fundi mkuu, akaliweka, kisha akajitupa baharini ili mafundi wasiaibike mbele ya mfalme. Odisha nzima inaijua. Abul Fazl, mwandishi wa Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, aliandika katika karne ya 16 kwamba hekalu liligharimu mapato ya nchi ya miaka 12. Hii namba 12 inajirudia mno kuwa ya kihasibu.

Adabu, milango na nauli

Thanjavur unaingia bure na miguu mitupu. Viatu vinabaki nje. Jiwe la uani saa tano asubuhi linaunguza kweli, kwa hiyo fika alfajiri au alasiri, na soksi zinaruhusiwa. Vaa nguo za heshima, magoti na mabega yafunikwe. Aliyezoea kuingia msikitini au kanisani hatahitaji kufundishwa. Uani anaingia kila mtu. Kufika hadi mbele ya patakatifu kwa asiye Mhindu, uliza kwanza mlangoni, usijitie. Ukibahatika kukuta ibada ya pradosham, inayofanyika mara mbili kwa mwezi wa mwandamo, utamwona Nandi akimwagiwa maziwa mbele ya umati.

Konark unalipa. Kiingilio cha mgeni kimekuwa rupia 600, na cha raia wa India 40, nawe hakiki kabla ya kwenda. Unaingia na viatu, unapiga picha, na kwa kuwa hakuna ibada, hakuna wa kukuuliza dini yako. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu hekalu la Jagannath la Puri, kilomita 35 tu kutoka hapo, haliruhusu kabisa asiye Mhindu kuvuka lango. Mbele ya lango hilo la Puri utaona nguzo nzuri ya jiwe. Ilikuwa ya Konark, ikahamishwa katika karne ya 18. Ibada pekee iliyobaki Konark iko kwenye kibanda cha pembeni, kwenye jiwe refu lenye sayari tisa lililokuwa juu ya mlango wa ukumbi. Waingereza walitaka kulipeleka makumbusho ya Calcutta (Kolkata ya leo), wakalikata ili lipungue uzito, na bado likawashinda.

Kufika: kwa Thanjavur, treni ya usiku kutoka Chennai ni kilomita 350 hivi, unalala unaamka umefika. Kwa ndege, uwanja wa karibu ni Tiruchirappalli, mwendo wa saa moja na ushei. Kwa Konark, shuka Bhubaneswar, kilomita 65, kisha basi au teksi. Barabara ya Puri inapita kando ya bahari kati ya mivinje, na hata kuzunguka hekalu ilipandwa mivinje ili kuzuia upepo wenye mchanga. Mtu wa Bagamoyo atajiona yuko kwao.

Msimu mzuri kwa yote mawili ni Desemba hadi Februari. Tamil Nadu hupata mvua zake Oktoba hadi Desemba mwanzoni, wakati sehemu nyingi za India zimekauka. Odisha hunyeshewa Juni hadi Septemba, na Oktoba na Novemba ni miezi ya vimbunga. Mwanzoni mwa Desemba kuna tamasha la ngoma za kale Konark, gofu likiwa limewashiwa taa nyuma ya jukwaa.

Sasa nani aende wapi

Mwenye kusoma usanifu majengo, uhandisi au historia ya dola: Thanjavur, bila kusita. Aliye Chennai na mgonjwa anayepata nafuu: Thanjavur pia, kwa sababu ya ukaribu na kwa sababu uani unaweza kukaa kivulini saa nzima hakuna anayekufukuza. Mchongaji, mchoraji, mpiga picha, au mtu anayechoshwa na majengo lakini hachoshwi na watu: Konark, na atenge siku mbili, moja ya asubuhi upande wa mashariki na nyingine ya jioni upande wa magharibi, kwa kuwa mwanga ndio unaoifungua ile michongo. Asiyependa kuvua viatu wala kubanwa na saa za ibada, Konark. Wanaosafiri na wazee wasioweza kupanda ngazi, Thanjavur. Ua wake ni tambarare.

Kuna pia njia ya mkato ambayo vitabu vya wageni huitaja kwa haraka mno. Darasuram, karibu na Kumbakonam, mwendo wa saa moja tu kutoka Thanjavur, kuna hekalu la Airavatesvara lililojengwa na Rajaraja wa Pili katika karne ya 12. Ni dogo, limechongwa kwa uchoyo wa nafasi, kila inchi ina kitu, na ukumbi wake wa mbele umetengenezwa kama gari lenye magurudumu na farasi wa jiwe. Ni karibu miaka mia moja kabla ya Konark. UNESCO iliyaweka Thanjavur na Darasuram, pamoja na hekalu jingine la Chola, Gangaikonda Cholapuram, katika orodha ya Urithi wa Dunia kama kundi moja mwaka 2004, baada ya Thanjavur kuingia peke yake mwaka 1987; Konark lilikuwa limetangulia mwaka 1984. Kwa hiyo anayekwenda Thanjavur na kuongeza asubuhi moja ya Darasuram anapata mnara na gari pia, ingawa si gari la ukubwa ule, na twiga hatamwona.

Na ukipata wiki nzima, usichague. Anza kusini. Treni za Chennai kwenda Kolkata hupita Bhubaneswar baada ya saa 20 hivi, zikifuata pwani, na behewa la kulala lenye kiyoyozi si ghali. Kata tiketi mapema, wiki kadhaa kabla, hasa karibu na sikukuu ya Diwali, na chakula nunua stesheni za jimbo la Andhra njiani kuliko kungoja cha treni.